Mwanafunzi kama Shahidi: Lugha ya Hojaji katika Kupima Ufundishaji na Elimu ya Uraia

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayepewa karatasi na kutakiwa aseme kama mwalimu wake "huwaruhusu wanafunzi kumpinga" anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, anatoa ushahidi. Ameketi katika darasa lile mwaka mzima. Ameona nani aliulizwa, nani alinyamazishwa na nani alichekwa. Pili, anatenda tendo la kijamii: mdogo anamsema mkubwa, tena kwa maandishi, mbele ya mgeni aliyeleta karatasi. Upimaji wa ufundishaji kwa njia ya maoni ya wanafunzi hutegemea jambo la kwanza, na mara nyingi husahau la pili. Mhadhara huu unahusu mahali mambo hayo mawili yanapokutana, yaani katika sentensi yenyewe ya hojaji, hususan pale sentensi hiyo inapoandikwa kwa Kiswahili.

Suala hili ni la wanaisimu kama lilivyo la wanatakwimu. Hojaji ni matini: ina msemaji na msemeshwa, ina rejesta yake, ina njeo na hali. Mtakwimu huipokea ikiwa imekwisha kugeuzwa tarakimu, kuanzia 1 hadi 4 au 5, na yaliyotendeka kati ya sentensi na tarakimu hayaonekani tena katika jedwali lake. Mambo yanayoegemezwa juu ya jedwali hilo si madogo. Mwalimu anaweza kusifiwa au kulaumiwa kwalo. Mtaala unaweza kuonekana umefaulu au umeshindwa. Na taifa linaweza kuambiwa kwamba vijana wake wamejifunza kujadiliana, ilhali walichojifunza ni kujibu kwa adabu.

2.0 Asili ya Kipimo

Desturi ya kuwauliza wanafunzi kuhusu walimu wao kwa mizani iliyopangwa ilipata umbo lake Marekani. Hermann Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa mizani yake ya kuwapima wahadhiri mwaka 1927. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1932, Rensis Likert alichapisha mbinu ya kupima mielekeo kwa kauli ambazo mhojiwa huzikubali au kuzikataa kwa ngazi. Mbinu hizo mbili zikaungana, na hadi leo hojaji nyingi zinazogawiwa madarasani ni wajukuu wa muungano huo.

Shaka nayo ilikuja mapema. Mwaka 1970, mwigizaji mmoja alifundishwa kutoa mhadhara uliojaa maneno mazuri na mizaha lakini usio na maana, kisha akatambulishwa mbele ya wataalamu wa afya ya akili na elimu kwa jina la Dakta Fox. Wasikilizaji walimpa alama za juu. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 1973, lilibaki kuwa mfano wa namna ufasaha unavyoweza kuhesabiwa kuwa maarifa. Mwaka 2017, Bob Uttl na wenzake walipozichambua upya tafiti zilizolinganisha alama ambazo wahadhiri walipewa na wanafunzi na yale wanafunzi hao waliyojifunza, hawakuona uhusiano wowote wa maana kati ya mambo hayo mawili.

Hata hivyo, itakuwa haraka mno kuitupa njia yote. Jambo la kuzingatia ni aina ya swali. Mwanafunzi aliyeulizwa kama mwalimu wake ni hodari ametakiwa awe hakimu, na hana vigezo vya kuhukumia. Mwanafunzi aliyeulizwa kama mwalimu alieleza kosa lililo katika daftari lake ametakiwa awe shahidi tu. Hojaji ya Tripod, iliyobuniwa na Ronald Ferguson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ilifuata zaidi njia hii ya pili, na ikatumiwa katika mradi mkubwa wa kupima ufundishaji uliogharimiwa na Taasisi ya Gates kuanzia mwaka 2009, uliohusisha walimu wapatao 3,000 nchini Marekani. Ilidhihirika humo kwamba majibu ya darasa zima, yakijumlishwa, yanaweza kutofautisha walimu kwa kiasi cha kuaminika. Ilidhihirika pia kwamba vipengele vilivyohusiana zaidi na maendeleo ya wanafunzi katika mitihani vilikuwa viwili: mwalimu kulimudu darasa, na mwalimu kudai kazi nzito. Matokeo haya yanahitaji kukumbukwa, kwa sababu somo la uraia lina dai jingine. Darasa lililotulia kabisa linaweza kufaulu hisabati huku likiwa halijajifunza lolote kuhusu namna watu wasiokubaliana wanavyoishi pamoja.

Katika upande wa uraia, kazi kubwa imefanywa na jumuiya ya kimataifa ya utathmini wa elimu, ijulikanayo kwa kifupisho cha IEA. Utafiti wake wa mwaka 1999, ulioongozwa na Judith Torney-Purta, uliwahusu vijana wapatao 90,000 wa umri wa miaka 14 katika nchi 28. Miongoni mwa vipimo vyake kulikuwa na mizani fupi iliyouliza kama darasani kuna uwazi wa majadiliano: kama wanafunzi huhimizwa kujiamulia, kama wanaweza kusema lisilolingana na la mwalimu, kama mwalimu huonyesha pande zaidi ya moja za suala. Takriban robo ya wanafunzi walisema walihimizwa mara nyingi kutoa maoni yao, na karibu idadi hiyohiyo walisema jambo hilo lilitokea kwa nadra au halikutokea kabisa. Katika nchi nyingi, wanafunzi walioliona darasa lao kuwa na uwazi ndio pia waliokuwa na maarifa zaidi ya uraia na waliotarajia zaidi kupiga kura wakiwa watu wazima. Mizani hiyo ikaendelezwa katika tafiti za mwaka 2009, 2016 na 2022.

Katika tafiti zote hizo nne hakuna hata nchi moja ya Afrika iliyoshiriki. Hivyo mtafiti wa Afrika Mashariki anayetaka kutumia kauli zile katika shule za Kiswahili hana budi kuzitafsiri mwenyewe, na hapo ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza.

3.0 Kauli Zinapovuka

Ichukuliwe kauli ya uhuru wa kutofautiana na mwalimu. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutokubali, na hakuna hata kimoja ambacho hakijabeba mzigo wa kijamii. Kumbishia mwalimu ni utovu wa adabu. Anayesema kwamba katika darasa lao wanafunzi humbishia mwalimu analishtaki darasa badala ya kulisifu. Kumpinga ni kuzito zaidi, na tangu vyama vingi viliporejeshwa Tanzania mwaka 1992 kitenzi hicho kimefungamana na upinzani na wapinzani, maneno ambayo si kila mwalimu wala kila mzazi huyasikia kwa utulivu. Kumhoji kunakumbusha kituo cha polisi, na inashangaza kidogo kwamba hata neno hojaji limezaliwa na kitenzi hicho. Kutokubaliana naye kunasikika kama ugomvi uliokwisha kuzuka. Kutoa maoni yaliyo tofauti na yake ni kupole, nako kunaweza kuitikiwa na karibu kila mtu, kwa kuwa si lazima mwenye maoni hayo ayaseme kwa sauti.

Watafiti wawili wanaweza kuingia katika darasa moja siku moja, mmoja na kitenzi cha kupinga na mwingine na fungu la maoni tofauti, wakatoka na picha mbili za mwalimu mmoja. Tafsiri-rejeshi, yaani mbinu iliyoenezwa na Richard Brislin mwaka 1970 ya kumpa mfasiri wa pili arudishe matini katika lugha ya awali, haitalifichua tatizo hili. Vitenzi vyote viwili vitarudi katika Kiingereza vikiwa salama. Mbinu hiyo hukagua kamusi; haikagui adabu.

Tatizo la pili ni la kisarufi, nalo ni la ndani zaidi. Wafasiri wa hojaji hupenda sana mofimu hu- ya mazoea: mwalimu huuliza, mwalimu huhimiza, mwalimu husikiliza. Chaguo hilo linaonekana la busara, kwa kuwa swali linahusu mazoea. Lakini hu- haichukui kiambishi cha nafsi wala haijifungi na wakati. Ndiyo mofimu ya methali: haba na haba hujaza kibaba. Kauli ya namna hiyo humvuta msomaji kutoka katika darasa lake na kumpeleka kwenye kanuni ya jumla. "Mwalimu huwasikiliza wanafunzi" inaweza kusomwa kama habari ya mwalimu huyu wa uraia, lakini pia kama fasili ya ualimu, na mwanafunzi anayeikubali huenda anakubali fasili. Vijana wenyewe, wanaposimulia mazoea ya mtu fulani, aghalabu husema huwa anatuuliza au anapenda kutuuliza. Wao hutafuta njia ya kurudisha nafsi ambayo hu- imeifuta.

Kuna na kikwazo cha ngazi za majibu. Kiingereza kina neno moja la kumaanisha kutotokea kabisa, nalo lina ukanushi ndani yake, hivyo linaweza kuwekwa chini ya kauli yakinishi bila tabu. Kamwe ya Kiswahili haina uwezo huo. Huhitaji kitenzi kilichokanushwa: haulizi kamwe. Ikiandikwa peke yake chini ya kauli isemayo mwalimu huuliza, sentensi huvunjika, na msomaji analazimika kuijenga upya kichwani. Kwa mtu mzima msomi kazi hiyo ni ndogo. Kwa mtoto wa miaka 14 anayesoma kauli thelathini kwa dakika ishirini, ni sababu tosha ya kuweka alama katikati na kupita. Tena hu- haina kanushi yake yenyewe; haulizi ni kanushi ya anauliza vilevile. Hivyo ngazi ya juu ya mizani na ngazi yake ya chini hazisemi juu ya kitu kimoja.

Dawa yake ni rahisi, na ni ajabu kwamba haitumiwi mara nyingi zaidi. Swali lifungwe kwenye wakati: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi mwalimu wa uraia aliliuliza darasa swali lenye majibu zaidi ya moja?" Majibu yawe haijatokea, mara moja, mara mbili au tatu, zaidi ya hapo. Njeo -li- inamrudisha shahidi kizimbani, na -ja- katika haijatokea inampa njia ya kusema hapana bila kumlaumu mtu.

Wabunifu wa mizani wana desturi pia ya kuchanganya kauli yakinishi na kauli kanushi, ili kumnasa mhojiwa anayekubali kila kitu. Nia ni njema, lakini katika Kiswahili mtego huo hunasa wengi wasio na hatia. Akiulizwa "hujaelewa?", mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hajaelewa anaweza kujibu "ndiyo, sijaelewa", kwani ndiyo huthibitisha kauli yote pamoja na ukanushi wake. Mwanafunzi anayekutana na "mwalimu hapendi kuulizwa maswali" na kutakiwa aseme nakubali au sikubali anapaswa kukanusha ukanushi. Majibu yanapogongana, mchanganuzi huandika kwamba wahojiwa hawakuwa makini. Huenda walikuwa makini kuliko hojaji.

Hata hilo neno nakubali si tulivu. Kukubali ni kuona kwamba jambo ni kweli, na pia ni kuridhia, na pia ni kuungama: mtu hukubali hoja, hukubali posa, hukubali kosa. Kauli iliyotamkwa na mwenye mamlaka ikamfikia mdogo ili aikubali au aikatae haiko mbali na amri. Afrobarometer ilipoanza kuwahoji Watanzania mwaka 2001, wachambuzi wake walishangazwa na wingi wa watu walioridhika na serikali na uchumi, hata wakajiuliza katika ripoti ya mwaka 2002 kama hao ni raia wasiohoji au ni watu wenye subira. Swali hilo lina upande wa isimu ambao haujachunguzwa vya kutosha: ni kiasi gani cha ridhaa ile kilikuwa ridhaa ya mambo, na ni kiasi gani kilikuwa adabu ya kumjibu mgeni?

Mwishowe yako majina ya mambo yenyewe. Raia asili yake ni neno la Kiarabu lililomaanisha kundi linalochungwa, na kwa hiyo watu walio chini ya mtawala. Katika Kiswahili limekuja kutumika kinyume cha mgeni na kinyume cha askari, na uraia kwa wengi ni jambo la hati na pasipoti kabla ya kuwa jambo la kushiriki. Siasa nayo imesafiri. Zamani kufanya jambo kwa siasa kulikuwa kulifanya kwa upole na utaratibu. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Siasa ilikuwa jina la somo, na somo hilo lilikuwa na majibu yake sahihi. Leo mtu akiambiwa aache siasa, anaambiwa aache maneno matupu. Basi kauli inayouliza kama mwalimu huwahimiza wanafunzi kujadili masuala ya siasa inaweza kusikika katika masikio matatu kama sifa, kama kumbukumbu na kama tuhuma.

4.0 Kimya cha Darasa la Uraia

Tanzania ni mahali pazuri pa kuyaona mambo haya, kwa sababu mwanafunzi wake hubadili lugha katikati ya safari. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kuonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kubeba masomo, na mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwakutanisha watafiti kama Birgit Brock-Utne, Martha Qorro na Zubeida Desai, ulileta ushahidi mwingi zaidi kutoka madarasani: masomo yalipofundishwa kwa Kiswahili wanafunzi walizungumza, na yalipofundishwa kwa Kiingereza wengi walinyamaza.

Somo la uraia, lililochukua mahali pa Siasa baada ya mwaka 1992, lilifundishwa sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyejadili haki za mtoto kwa Kiswahili darasa la saba aliambiwa miezi michache baadaye ajadili haki zilezile kwa lugha ambayo hakuweza kuombea hata ruhusa ya kutoka nje. Mizani ya uwazi wa majadiliano ikiingizwa hapo itatoa alama ya chini. Nayo haitaonyesha chanzo. Je, mwalimu ni mkandamizaji, au ni mwema aliyefungwa mikono na lugha? Mwanafunzi ameogopa kusema asichokubaliwa, au hakuwa na maneno ya kukisemea? Uzito wa swali unaongezeka pale hojaji yenyewe inapoletwa kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba ndiyo lugha ya kufundishia. Kwa kufanya hivyo mtafiti huipima lugha mara mbili, kisha huyaita matokeo uraia.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa kwa awamu kuanzia mwaka 2024 umeleta jambo la kufuatiliwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili, hata katika sekondari. Kwa mara ya kwanza inawezekana kumchukua mwanafunzi mmoja na kumwuliza kuhusu majadiliano katika vipindi viwili vya siku moja, kimoja cha Kiswahili na kingine cha Kiingereza. Tofauti ya majibu yake mwenyewe itaeleza zaidi kuliko ulinganisho wa shule mia. Ni fursa ambayo watafiti wa Kiswahili hawapaswi kuwaachia wanatakwimu peke yao.

Hofu nayo ni kitu halisi. Katika Tanzania Bara adhabu ya viboko bado inaruhusiwa na kanuni, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Mwanafunzi anayejibu hojaji anajua hati ya mkono wake inafahamika, na anajua nani atazikusanya karatasi. Maneno "usiandike jina lako" yaliyo juu ya ukurasa hayamtoshi. Bahasha inayofungwa na mwanafunzi mwenzake mbele ya darasa, mwalimu akiwa nje, inamtosha zaidi.

5.0 Mashahidi Arobaini

Sababu ya kuwauliza wanafunzi wote badala ya mmoja ni kwamba makosa ya mmoja hufutwa na wengi. Hoja hii ina sharti lake. Ikiwa wanafunzi arobaini wa darasa moja wanatofautiana katika majibu yao sawasawa na wanafunzi waliookotwa kutoka madarasa arobaini, basi wastani wao haumpimi mwalimu. Unapima tabia za wanafunzi. Kipimo cha ufundishaji hupatikana pale tu tofauti kati ya wastani wa madarasa inapozidi kwa kiasi cha kuonekana ile ambayo ingetokana na tofauti za wanafunzi peke yake. Wanatakwimu wana hesabu zao za kulipima jambo hilo, na hesabu hizo zinafaa zifanywe kabla ya nyingine zote.

Hapa pia sarufi ina la kusema. Kiambishi cha yambwa huamua aina ya ushahidi unaotolewa. "Mwalimu alinisikiliza" ni ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake. "Mwalimu alitusikiliza" unamfanya aseme kwa niaba ya wenzake. "Mwalimu aliwasikiliza wanafunzi" unamweka pembeni kama mtazamaji. Aliyeketi nyuma na hakuwahi kuitwa hata mara moja atatoa majibu matatu tofauti, yote ya kweli. Kwa kuwapima walimu, -tu- na -wa- zinafaa. Kwa kugundua kama wasichana, au watoto waliofika shuleni na lugha nyingine ya kwanza, wameachwa nje ya mazungumzo, hakuna badala ya -ni-. Kauli ya kutendwa, "wanafunzi huhimizwa kutoa maoni", ni mbaya kuliko zote kwa kazi hii, kwa kuwa imemficha mtendaji ambaye ndiye anayepimwa.

Tahadhari nyingine ni kwamba mwanafunzi anayeulizwa kuhusu darasa ndiye huyohuyo anayeulizwa kuhusu maarifa na matarajio yake. Mwenye maarifa zaidi huuona mjadala hata pale mwenzake anapoona kelele. Uhusiano kati ya uwazi wa darasa na elimu ya uraia unaweza kwa kiasi fulani kuwa uhusiano wa mtu na macho yake mwenyewe. Njia moja ya kupunguza kasoro hii ni kuligawa darasa: nusu waeleze ufundishaji, nusu nyingine wapimwe maarifa.

Njia iliyo karibu zaidi na tabia ya Kiswahili ni ya visa. Gary King na wenzake, katika makala ya mwaka 2004, walionyesha kwamba Wachina walijipa alama za juu kuliko Wameksiko walipoulizwa wana kauli kiasi gani katika mambo ya serikali yao, ilhali Wameksiko walikuwa wamekwisha kukiondoa chama tawala kwa kura mwaka 2000. Ngazi zilikuwa zilezile. Mategemeo ya watu ndiyo yaliyotofautiana. Dawa yao ilikuwa kumpa mhojiwa visa vifupi vya watu wengine avipime kwanza, ili ijulikane anatumia rula ya urefu gani.

Kwa darasa la uraia visa vinaweza kuwa hivi. Mwanafunzi alisema jambo lisilo katika kitabu. Mwalimu akamwambia akae, akaendelea. Katika darasa la pili, mwanafunzi alisema jambo hilohilo. Mwalimu akamwuliza sababu, akamsikiliza, kisha akasoma jibu la kitabu. Katika darasa la tatu mwalimu aliandika majibu yote mawili ubaoni, akawauliza wengine wanaonaje, kengele ikalia wakiwa bado wanabishana. Mwanafunzi huulizwa darasa lipi linafanana na lake. Hakuna anayetakiwa kukubali wala kukataa, na mofimu -ka- ya masimulizi, ambayo watoto wameizoea tangu hadithi za nyumbani, inafanya kazi ambayo hu- ilishindwa. Hata neno kubishana limepata mahali pake, kwa kuwa limewekwa katika vinywa vya watoto wengine.

Kabla ya kuandika visa hivyo ingefaa kukusanya msamiati wa wanafunzi wenyewe. Wao wana maneno ya kumsemea mwalimu ambayo hayamo katika mizani iliyofasiriwa. Mwalimu mkali anaweza kuwa mwenye fimbo, na katika lugha ya vijana anaweza kuwa bingwa wa somo lake; asiyejua tofauti hiyo atalipanga jibu chini ya kichwa kisicho chake. Anaeleweka ni sifa kubwa kuliko anajua. Na kipo kitenzi kuonea, kilichojengwa na -ona pamoja na kiambishi cha kutendea, ambacho kila mtoto wa shule hukitumia mapema na kwa usahihi kamili. Hojaji za kimataifa hulikaribia jambo hilo kwa kuuliza kama walimu huwatendea wanafunzi kwa haki, na wanafunzi wengi hujibu ndiyo. Swali kama katika muhula huu mwalimu alimwonea mtu yeyote darasani huenda likapata jibu jingine kutoka kwa watoto walewale.